Maharagwe ya kuoka yenye ladha ya moshi: Nyanya na siki zingoje zamu

KATIKA nyumba nyingi nchini, maharagwe huchemshwa, yakaungwa kwa kitunguu na nyanya, kisha yakaliwa kwa chapati, wali au ugali. Kwingine huchanganywa na mahindi yakawa githeri. Nchini Marekani kuna pishi jingine ambapo maharagwe huokwa taratibu kwa saa kadhaa ndani ya rojo nzito yenye utamu wa sukari ya miwa, uchachu wa siki na nyanya, na harufu ya moshi kama ile ya nyama choma.

Chakula hiki chaweza kuandaliwa nyumbani kwa viungo vinavyopatikana sokoni, na hata asiye na joko la umeme au gesi anaweza kutumia jiko la makaa. Kinachowashinda wengi ni mpangilio wa hatua. Mpishi anayetia kila kitu chunguni kwa pamoja na kukiachia moto mdogo huishia na maharagwe magumu hata baada ya saa nne. Baya zaidi, anaweza kuwaandalia walaji chakula chenye kudhuru.

Asili ya pishi

Maharagwe ya kawaida asili yake ni bara la Amerika, ambako wakulima wa kale waliyakuza katika maeneo ya Mexico na milima ya Andes maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Baadaye yalivuka bahari na kuenea Afrika.

Mji wa Boston, jimbo la Massachusetts, ndio uliojipatia sifa kwa maharagwe ya kuoka. Wakristo wa madhehebu ya Puritan waliohamia huko kutoka Uingereza hawakupika siku ya Sabato. Kwa hiyo, chungu cha maharagwe na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi kilitiwa jokoni Jumamosi, kikakaa humo kwenye joto la wastani hadi kilipohitajika.

Utamu wake ulitokana na molasi, yaani maji mazito meusi yanayobaki miwa inapotengenezwa sukari. Molasi hiyo ilifika Boston kwa meli kutoka visiwa vya Karibi, ambako Waafrika waliotiwa utumwani ndio waliolima miwa. Sehemu kubwa iligeuzwa kuwa pombe aina ya ramu, na nyingine ikaishia jikoni.

Ladha ya moshi iliongezwa na wapishi wa nyama choma wa majimbo ya kusini na ya kati, ukiwemo mji wa Kansas City. Huko, rojo ya nyanya, siki na molasi hutiwa kwenye maharagwe, kisha chungu kikawekwa ndani ya tanuri la moshi chini ya nyama, ili mafuta yadondokee humo.

Kwa nini maharagwe hugoma kuiva

Chembe za ndani ya haragwe zimeshikamana kwa kitu kiitwacho pektini. Maji ya moto yanapoilegeza pektini, haragwe hulainika. Uchachu wa nyanya na siki huizuia isilegee. Madini ya kalsiamu, ambayo molasi inayo kwa wingi, huikaza zaidi.

Ndiyo maana rojo haitiwi mpaka maharagwe yawe yameiva kabisa kwa maji matupu. Sifa hiyo ya rojo ina faida yake pia, kwa maana maharagwe yaliyokwisha kulainika yanaweza kukaa jokoni kwa muda mrefu ndani yake bila kupondeka.

Magadi hufanya kinyume cha siki, kwani huilegeza pektini haraka. Wapishi wengi huyatia ili kuokoa makaa au gesi. Hata hivyo, magadi huharibu vitamini B1, na yakizidi huyapa maharagwe ladha ya sabuni. Maharagwe mapya ya msimu hayayahitaji. Yale yaliyokaa ghalani mwaka mzima au zaidi, hasa mahali penye joto na unyevu, huwa magumu, na robo kijiko cha chai kwa nusu kilo yatosha.

Mwinuko wa mahali nao una athari. Mombasa, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Nairobi, ambayo iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa sababu hiyo, maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kuiva Nairobi, Nakuru au Eldoret kuliko pwani. Sufuria ya presha huondoa tatizo hilo, mradi isijazwe kupita nusu, kwa kuwa maharagwe hutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke.

Tahadhari kuhusu moto mdogo

Maharagwe mabichi yana sumu ya asili ya jamii ya lektini. Maharagwe mekundu ndiyo yenye sumu nyingi zaidi, lakini hata meupe hayakosi. Punje nne au tano tu zisizoiva zaweza kumletea mtu kichefuchefu, kutapika na kuhara katika muda wa saa moja hadi tatu.

Sumu hiyo huharibiwa na mchemko mkali. Joto la wastani, kwa mfano nyuzi 80, haliiharibu na laweza hata kuiongeza makali. Ndiyo sababu si salama kuyatia maharagwe yaliyorowekwa tu moja kwa moja kwenye chungu cha umeme cha kupika polepole, au kwenye tanuri la moshi. Ni lazima kwanza yachemke kwa nguvu, katika maji mapya, kwa dakika zisizopungua 30. Baada ya hapo moto waweza kupunguzwa.

Mahitaji

Muda wa kuroweka: saa 8 hadi 12
Muda wa mapishi: saa 3 hadi 4
Walaji: 6

- Maharagwe meupe madogo makavu, gramu 500. Yakikosekana, Rosecoco au Wairimu yanafaa.
- Vitunguu maji 2 vikubwa, vilivyokatwakatwa
- Punje 4 za kitunguu saumu, zilizopondwa
- Nyanya 4 zilizoiva, zilizosagwa
- Nyanya nzito ya mkebe, vijiko 3 vikubwa
- Sukari nguru iliyoparuzwa, gramu 100
- Siki, vijiko 3 vikubwa
- Haradali, kijiko 1 kikubwa
- Jira iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
- Pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vikubwa
- Chumvi kiasi
- Mabaki ya nyama choma, hasa mbavu, gramu 200 (si lazima)

Sukari nguru inashika nafasi ya molasi vizuri sana, maana haijasafishwa na ina ladha ileile ya miwa iliyoungua kidogo. Molasi inayouzwa katika maduka ya pembejeo ni ya mifugo na haifai kutiwa katika chakula cha binadamu.

Maelekezo

1. Maharagwe yachaguliwe, mawe na punje zilizooza zikaondolewa, kisha yaoshwe. Yarowekwe usiku kucha katika lita 2 za maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Chumvi hulainisha ganda, na punje hazipasuki ovyo.

2. Maji ya kuroweka yamwagwe, maharagwe yasuuzwe. Hatua hii hupunguza pia ile sukari ya asili ambayo huleta gesi tumboni.

3. Maharagwe yatiwe katika maji mapya yanayoyafunika kwa kina cha vidole vitatu. Yachemshwe kwa moto mkali kwa dakika 30, kisha moto upunguzwe na yaendelee kutokota mpaka yaive. Kwa kawaida huchukua saa moja hadi moja na nusu. Katika sufuria ya presha, dakika 20 hadi 25 hutosha. Punje kadhaa zibonyezwe kwa vidole, na kila moja ipondeke bila kiini kigumu.

4. Maharagwe yachujwe, na vikombe viwili vya supu yake vihifadhiwe.

5. Vitunguu vikaangwe kwa mafuta katika sufuria nzito hadi viwe na rangi ya kahawia. Kitunguu saumu na jira viongezwe na kukorogwa kwa dakika moja. Zifuate nyanya, nyanya ya mkebe, sukari nguru, siki, haradali, pilipili manga na chumvi. Rojo itokote kwa dakika 10.

6. Maharagwe, supu na vipande vya nyama vitiwe katika rojo na kukorogwa polepole kwa mwiko. Supu ifike usawa wa maharagwe.

7. Sufuria ifunikwe na kutiwa katika joko lenye joto la nyuzi 160 kwa saa moja na nusu. Mfuniko uondolewe katika dakika 30 za mwisho ili rojo ikauke na kung'aa.

Asiye na joko atumie utaratibu ambao akina mama wa pwani huutumia kuokea mikate, yaani makaa chini na juu. Makaa machache yaachwe chini ya sufuria, na mengine yapaliwe juu ya mfuniko wa bati. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kwa kuwa rojo yenye sukari huungua upesi. Kila baada ya nusu saa sufuria ikaguliwe na maji ya moto yaongezwe ikibidi.

Namna ya kupata moshi

Matumizi ya moshi kama kiungo si jambo geni nchini. Jamii ya Wakalenjin husugua ndani ya kibuyu kwa kijinga cha mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa ya mursik, ambayo hupata rangi ya kijivu na ladha yake ya kipekee.

Kwa maharagwe, njia iliyo rahisi zaidi ni ile ambayo Wahindi huiita dhungar. Kaa moja la mti, lisilo la kutengenezwa kwa vumbi na gundi, hukolezwa moto mpaka liwe jekundu lote. Bakuli dogo la chuma huwekwa juu ya maharagwe yaliyokwisha kuokwa, kaa likatiwa ndani yake, kisha kijiko kimoja cha chai cha samli kikadondoshwa juu ya kaa. Moshi mweupe hupanda papo hapo. Sufuria hufunikwa barabara kwa dakika 5, kisha kaa huondolewa.

Dakika 5 zinatosha. Zikifika 15, maharagwe huwa machungu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zisitumiwe kamwe, wala kaa lisikolezwe kwa mafuta ya taa.

Kazi yote ya makaa ifanywe nje au mahali penye madirisha na milango iliyo wazi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliojifungia chumbani.

Kuhifadhi na kuandaa mezani

Maharagwe haya huwa matamu zaidi siku ya pili, rojo ikiisha kupenya. Hata hivyo, yasiachwe mezani kwa zaidi ya saa mbili. Yatiwe katika vyombo vya kina kifupi ili yapoe haraka, kisha yawekwe kwenye jokofu, ambamo hukaa siku tatu hadi nne. Yanapopashwa moto yachemke kikamilifu, na kiasi kinachopashwa kiwe kile cha kuliwa wakati huo.

Kwa desturi ya Wamarekani, huandaliwa pamoja na nyama choma na kachumbari ya kabichi. Hapa nchini yanakubaliana na ugali, viazi vya kuchoma, au mkate wa asubuhi. Kwa wasiokula nyama, sahani moja pamoja na wali na sukumawiki ni mlo kamili.