Bunduki kwa kibali: sheria inavyomtaka mmiliki aiombe na kuihifadhi silaha yake

Nchini Kenya bunduki haiuzwi kama redio au baiskeli. Katiba ya mwaka 2010 haimpi raia haki ya kumiliki silaha, na Sheria ya Bunduki, ambayo ni Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamkataza mtu yeyote kununua, kupokea au kuwa na bunduki ama risasi pasipo cheti. Cheti hicho ni ruhusa tu, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Wanaotaka kumiliki silaha huuliza kwanza namna ya kukipata. Namna ya kuilaza bastola usiku, watoto wakiwa chumba cha pili, huwa swali la baadaye, ilhali sheria imeyapa mambo hayo mawili uzito ulio sawa.

Mamlaka ya kutoa vyeti yako mikononi mwa Bodi ya Leseni za Bunduki, iliyoundwa kutokana na marekebisho ya sheria za usalama ya Desemba 2014. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Afisa Mkuu wa Leseni. Ndani ya bodi wamo wawakilishi wa polisi, ujasusi, ofisi ya Mwanasheria Mkuu na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Bodi hiyo pia husajili wauzaji wa silaha, husimamia viwanja vya kulengea shabaha na kutunza kumbukumbu za wenye vyeti. Kwamba vyeti vingine viliwahi kupita katika milango isiyofaa si siri: mnamo Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wajitokeze wakaguliwe upya katika muda wa siku 90, na bodi yenyewe ikasukwa upya. Waliokuwa na vyeti kwa miaka mingi walijikuta wakipanga foleni pamoja na wengine, wakipimwa hata afya ya akili.

Mwombaji hupimwa kwa mambo mawili makuu. La kwanza ni kuwa na sababu nzuri ya kuihitaji silaha. Mfanyabiashara anayesafirisha fedha, mfugaji ambaye boma lake limewahi kuvamiwa, au mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha anaweza kuwa na hoja. Kuwinda si hoja, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. La pili ni kwamba silaha hiyo ikikabidhiwa kwake haitahatarisha usalama wala amani ya umma. Hapa sheria haina haya: inamtaja mlevi, inamtaja asiye na akili timamu, kisha inafungua mlango mpana zaidi kwa kumnyima cheti yeyote ambaye kwa sababu yoyote ile hafai kuaminiwa kwa bunduki. Ndiyo maana kumbukumbu za uhalifu za mwombaji, afya yake na mwenendo wake huchunguzwa, na polisi wa mahali anapoishi wana nafasi kubwa ya kusema wanamjua vipi.

Cheti kinapotolewa hakimruhusu mwenyewe kumiliki "bunduki" kwa jumla. Hueleza aina ya silaha na idadi yake, na hutaja kiasi cha risasi anachoweza kununua na kile anachoweza kuwa nacho kwa wakati mmoja. Risasi zinazozidi kiasi hicho ni kosa, hata kama zilinunuliwa kwa fedha halali. Cheti kina muda, na muda huo ukipita bila kuhuishwa, aliyekuwa mmiliki halali jana anasimama leo mahali pamoja na asiyewahi kuomba.

Kuhusu uhifadhi, sheria haitoi vipimo vya sefu. Haisemi chuma kiwe kinene kiasi gani wala kufuli ziwe ngapi. Inachofanya ni kigumu zaidi: inataja matokeo. Mwenye bunduki anatakiwa kuiweka wakati wote mahali salama na katika hali ya usalama, achukue kila tahadhari ya busara isipotee wala kuibwa, na ahakikishe kwamba haiwezi wakati wowote kufikiwa na mtu asiye na haki kisheria ya kuwa nayo. Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa mara mbili. Mtu asiye na haki si jambazi peke yake. Mke wa mwenye cheti ni mmoja wao, au mumewe, na mwana wao wa miaka 30 aliyerudi kutoka chuoni, na yaya, na mlinzi wa lango, madhali hawana cheti chao wenyewe.

Kwa hiyo suala la uhifadhi kwa kweli ni suala la ufunguo. Sefu nzito iliyokomewa ukutani haina maana ikiwa ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, au ikiwa namba yake ya siri ni mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba, jambo ambalo kifungua mimba huyo ataligundua kabla ya mwizi. Kabati la nguo, chini ya godoro na juu ya dari ni mahali ambapo mwizi huanzia kazi yake na ambapo mtoto hufika akitafuta kitu kingine kabisa. Sefu ndogo isiyofungwa kwa nati sakafuni au ukutani hubebwa nzima.

Kabla ya kuingizwa humo, bunduki iondolewe risasi. Wenye bastola hukosea hapa mara kwa mara, kwa kudhani kwamba kuchomoa kikasha cha risasi kumemaliza kazi. Risasi moja inaweza kubaki imekwisha kuingia nyuma ya mtutu, tayari kufyatuka. Ni lazima sehemu hiyo ifunguliwe, itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole, mtutu ukielekezwa mahali pasipo na mtu. Risasi zenyewe zikiwekwa mbali na bunduki, chini ya kufuli nyingine, anayeifikia moja huwa hajaifikia ya pili. Wapo watakaouliza bunduki iliyofungiwa hivyo itamfaa nini mwenye nyumba mlango ukivunjwa usiku wa manane. Swali hilo lina haki yake. Lakini nyumba huvamiwa kwa nadra, na mtoto yumo ndani yake kila siku.

Nje ya nyumba wajibu haupungui. Gari lililoegeshwa si ghala, hata likiwa na king'ora. Kuwa mlevi au kufanya fujo huku mtu amebeba bunduki ni kosa linalojitegemea, hata asipofyatua risasi yoyote. Mwenye silaha anayekwenda mahali pa vinywaji afadhali aiache ikiwa imefungiwa. Ikipotea au kuibwa, apige ripoti kwenye kituo cha polisi kilicho karibu bila kukawia, kwani kila saa inayopita silaha hiyo inatembea ikiwa na namba iliyosajiliwa kwa jina lake.

Adhabu za kuwa na bunduki bila cheti ni nzito. Kutegemea aina ya silaha, kifungo kinaweza kufika miaka 15. Kwa bunduki za kivita kama AK-47 na G3, sheria inakwenda hadi kifungo cha maisha. Itifaki ya Nairobi, ambayo Kenya na majirani zake walitia saini mwaka 2004, nayo inataka raia wasiruhusiwe kabisa kumiliki silaha za namna hiyo. Bunduki wanazopewa askari wa akiba katika maeneo ya wafugaji ni za serikali na hazihusiani na cheti cha mtu binafsi.

Jambo moja huzishtukiza familia. Cheti ni cha mtu mmoja na hufa pamoja naye. Bastola ya marehemu haigawanywi matangani pamoja na ng'ombe na shamba, na mjane anayeendelea kuifungia sandukuni kwa heshima ya mumewe anaweza kuhesabiwa kuwa na silaha bila kibali. Ipasavyo, polisi waarifiwe mapema na waelezwe ilipo, kwa kuwa si salama kwa asiyeizoea kuibeba njiani. Anayeikabidhi adai hati ya maandishi yenye namba ya silaha na hesabu ya risasi, kisha aitunze. Mrithi anayeitaka silaha hiyo sharti aanze upya na kuomba cheti kwa jina lake, kwa sababu zake mwenyewe, na bodi inaweza kumkatalia.