Waimbaji wa Kamina na Misa ya Waluba

Wengi wetu tumesikia sifa ya Missa Luba, yaani Misa ya Waluba. Lakini nani kati yetu anawajua watu walioiimba kwanza? Tusikie habari yao.

Katika miaka ya 1950 Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa akifanya kazi Kamina, katika Katanga. Yeye alipenda nyimbo za wenyeji. Akakusanya wavulana wapata 45 wa shule pamoja na waalimu wao 15, wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji.

Maneno ya Misa yao yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti na ngoma zilikuwa za kwetu. Kyrie ilifuata kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Sanctus ilitoka katika wimbo wa kuagana. Hawakuisoma katika karatasi: Mwalimu Joachim Ngoi alitangulia, wengine wakamwitikia, na mambo mengi yalizaliwa papo hapo katika kuimba.

Mwaka 1958 walikwenda Ulaya, wakaimba hata Brussels wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri, zikaenea mbali. Mwaka 1964 Gloria yao ilisikika katika sinema ya Pasolini juu ya Injili ya Mtakatifu Matayo. Mwaka 1968 Sanctus ikasikika katika sinema moja ya Uingereza.

Lakini kundi lenyewe lilikuwa limekwisha tawanyika. Mwaka 1960 ulileta uhuru, kisha Katanga ikajitenga, na vita vikafuata. Dunia ilisikiliza waimbaji ambao hawakusimama tena pamoja.

Wazee husema: Mcheza kwao hutunzwa. Je, sisi tumewatunza hawa? Sahani ilihifadhi sauti zao. Majina yao ni machache tu yanayojulikana. Jina la Padri tunalo, la Ngoi tunalo. Na wale wavulana? Aliyekuwa na miaka 9 wakati ule, leo amepita 75.

Basi, wakuu wa kwaya, andikeni katika daftari majina ya waimbaji wenu wote, hata ya mtoto anayepiga kayamba. Na mwenye mzee nyumbani aliyeimba zamani, amwulize leo, asingoje kesho.