Mizani, Gunia la Mahindi na Mstari Mmoja wa Programu

Leo naweka kando mambo ya Linux na hifadhidata, niandike historia kidogo. Usikimbie, kompyuta itaingia kabla hatujamaliza.

Kisa kilianzia hapa Kianjai. Kazi ya kuandika programu ni kazi ya kukaa, na mimi nilikaa hadi suruali zikakataa. Siku moja nikapimwa presha, ikasoma 150 kwa 96. Baba yangu anameza dawa za presha tangu nikiwa sekondari, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nikanunua raba na mizani ya kielektroniki, nikaanza kukimbia alfajiri kandokando ya barabara ya Meru–Maua, kilomita 5, siku tano kwa wiki. Siku ya kwanza mizani ilisoma 92.4. Baada ya wiki tatu za kutoka jasho ikasoma 93.1.

Nikaacha. Sina haja ya kujificha, niliacha. Raba zikakaa chini ya kitanda miezi minne, na nilipopimwa tena presha ilikuwa imepanda zaidi.

Aliyenifungua macho hakuwa daktari bali mama. Tulikuwa tunaanika mahindi kwenye turubai, nami nikamsimulia jinsi ile mizani ilivyonidanganya. Akacheka. Kila mkulima wa hapa anajua kwamba Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Wakala hupima unyevu kwanza, kilo baadaye. Chukua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20. Ndani yake kuna kilo 72 za mahindi halisi na kilo 18 za maji. Likaushe hadi asilimia 13.5, litakuwa na kilo 83 na kidogo. Karibu kilo 7 zimepotea na hakuna kuku aliyedonoa hata punje moja. "Na wewe siku hiyo ulijipima ukiwa mbichi au mkavu?" mama akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Basi usiku huo nikaanza kuchimba, na nikakuta kwamba swali la mama lina umri wa zaidi ya miaka 400.

Wa kwanza kulichukulia kwa uzito (samahani) alikuwa daktari mmoja aliyeitwa Santorio Santorio, aliyezaliwa mwaka 1561 huko Capodistria, mji ambao leo uko Slovenia na huitwa Koper. Baadaye alikuwa profesa wa tiba huko Padua, akifahamiana na Galileo. Santorio alining'iniza kiti kwenye mizani kubwa ya mkono, ile yenye jiwe la kusogezwa huku na huku, akawa anakula, anafanya kazi na kulala hapo huku akipima. Alipima alichokula, alichokunywa na alichotoa chooni. Alisema aliifanya kazi hiyo kwa miaka 30. Kitabu chake kilichapwa Venice mwaka 1614.

Alichogundua ni kwamba hesabu haikufungana. Ukila na kunywa ratili 8 kwa siku, aliandika, karibu ratili 5 hutoka bila kuonekana, si chooni wala kwa jasho la kudondoka. Hakujua ni nini hasa, kwa sababu kemia ya wakati ule haikuwa na jibu. Leo tunajua kwamba ni mvuke wa maji unaopita kwenye ngozi na pumzi, pamoja na hewa ya kaboni tunayoitoa. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu wakaonyesha kwamba ukiunguza kilo 10 za mafuta mwilini, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni kupitia mapafu, na 1.6 zinazobaki ni maji. Yaani kitambi huondoka kwa kupumua. Mimi nilidhani kinaondoka kwa jasho, ndiyo maana nilikuwa nakimbia na sweta mbili!

Jasho ni maji, na maji hurudi. Mwanariadha wa Ethiopia Haile Gebrselassie alishinda marathoni ya Dubai mwaka 2009 kwa saa 2 na dakika 5, na watafiti waliofuatilia mbio zile wakakisia kwamba alipoteza karibu sehemu ya kumi ya uzito wake. Mtu mwembamba kama yule angetoa wapi kilo zaidi ya 5 za mafuta kwa saa mbili?

Na upande wa kupanda je? Hapo ndipo wengi tunapokata tamaa. Mwaka 1970 Waswidi wawili, Karl-Erik Olsson na Bengt Saltin, walionyesha kwamba misuli inapojaza akiba yake ya wanga, ile iitwayo glaikojeni, kila gramu moja huhifadhiwa pamoja na gramu 3 au 4 za maji. Watu waliowapima waliongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku chache tu, na karibu zote zilikuwa maji. (Saltin huyo huyo baadaye alikuja Kenya kupima wakimbiaji wa Bonde la Ufa.) Mtu anayeanza mazoezi, misuli yake huweka akiba zaidi, tena huvimba kidogo inapojitengeneza. Chumvi nayo ina zamu yake: gramu 9 za chumvi huhitaji karibu lita nzima ya maji ili damu ibaki katika kiwango chake. Na lita ya maji ni kilo moja, muulize yeyote aliyewahi kubeba mtungi wa lita 20.

Sasa tuweke namba mezani. Mtu wa kilo 92 akikimbia kilomita 5 huunguza kilokalori 460 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama 7,700. Gawanya: ni gramu 60. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa natafuta badiliko la gramu 60 ndani ya kitu kinachopanda na kushuka kwa kilo moja na nusu kutokana na maji, chumvi na kilichomo tumboni, nikitumia mizani inayoonyesha gramu 100 kwa 100. Ningemwona mwenzangu akipima kasi ya programu namna hiyo ningemcheka kikaoni.

Dawa ya ugonjwa huu ilishapatikana, na cha kuchekesha ni kwamba nilikulia nayo. Miaka ya 1950 daktari Mwingereza, David Morley, alikuwa akifanya kazi Nigeria, na katika kijiji cha Imesi-Ile akaanzisha kadi ya kuchora uzito wa mtoto mwezi baada ya mwezi. Kadi za aina hiyo zikaenea duniani, Kenya ikiwemo. Mama zetu walizibeba kliniki, tukaning'inizwa kwenye mizani ya springi kama mbuzi sokoni, muuguzi akaweka nukta. Kisha hakuitazama ile nukta, alitazama mstari unaelekea wapi. Kwa mtoto anataka upande, kwangu mimi ningetaka ushuke, lakini macho ni yale yale.

Upande wa hesabu, Mmarekani Robert G. Brown alikuwa na tatizo kama langu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ila lake lilikuwa nyambizi. Vipimo vya mahali ilipo vinarukaruka, na unataka kujua inaelekea wapi. Njia yake ilikuwa kukiamini kila kipimo kipya kidogo tu. Baada ya vita akaitumia kubashiri vipuri vya kuweka ghalani, na mwaka 1956 akaichapisha.

Kisha akaja mtu wa kabila letu. John Walker, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Autodesk iliyotoa AutoCAD, alikuwa mnene kwa miaka mingi hadi akaamua kuushughulikia mwili wake kama mhandisi. Mwaka 1991 akatoa kitabu, The Hacker's Diet, pamoja na majedwali ya Excel, na baadaye akakiweka bure kwenye intaneti. Walker alifariki mwaka 2024, lakini mstari wake wa programu bado ni huu:

mwelekeo = mwelekeo + 0.1 * (uzito_wa_leo - mwelekeo)

Basi. Unajipima kila asubuhi, unaandika, na unasoma mwelekeo peke yake. Kitabu chenyewe sikikubali chote. Kinauona mwili kama mfuko wa mpira tu, kinachoingia na kinachotoka, na njaa ni kitu cha kuvumilia. Mtu aliyeshinda na njaa shambani hasomi hivyo kwa raha. Lakini huo mstari haugombani na mtu.

Nilikuwa bado na faili la zile wiki tatu, kwa sababu sisi hatufuti faili. Nikalipitisha kwenye programu. Kulikuwa na siku za 91.6 ambazo nilishazisahau kabisa. Siku moja kabla ya kuacha, mwelekeo ulikuwa 92.0. Kisha ikaja 93.1, asubuhi baada ya sherehe ya ruracio ya binamu yangu, nyama choma na chumvi mpaka usiku wa manane. Tofauti ni 1.1, moja ya kumi yake ni 0.11, mwelekeo mpya 92.11. Nilikuwa napungua. Niliacha nikiwa napungua, na miezi minne ile baba alikuwa akinitazama kila jioni nikila, bila kusema kitu.

Asubuhi ya leo mizani imesoma 89.7, jana ilikuwa 88.4. Mwelekeo ni 88.9. Presha wiki iliyopita ilikuwa 134 kwa 86, na daftari la presha sasa tunatumia moja na baba, yeye ukurasa wa kushoto.