Bunduki Kuukuu na Mkono wa Fundi



Mgeni afikapo Tandala mara nyingi huuliza kama mahali hapa palipewa jina la yule mnyama mwenye pembe za kujisokota. Hilo nawaachia wajuzi wa Kikinga. Mimi nimelitumia swali lake kama mlango wa kuingilia katika habari za uwindaji, hasa habari za bunduki ya mwindaji. Huko Ulaya na Marekani, kununua bunduki iliyokwisha tumika na kuitengeneza upya kwa uwindaji ni burudani ya watu wenye nafasi. Kwetu kazi hiyo hiyo ilifanywa kwa shida, na mwisho ikawa kosa. Yafaa tujue ilikuwaje.

Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilileta bara magumegume na magobori. Gobori hushindiliwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha kitambaa, kisha risasi, na vyote husukumwa kwa mdeki. Wakati huo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiziacha silaha za namna hiyo, kwa hiyo zilizochakaa kwao zikawa bidhaa kwetu. Bunduki kuukuu haikosi fundi. Upangwa na Ukinga ni nchi za wahunzi; wazee wetu waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki muda mrefu kabla ya Mjerumani kufika. Mahali pengi bara, wahunzi kama hao ndio waliochonga kitako kipya pale cha zamani kilipovunjika, na kuufua upya mtambo uliolegea.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulikusudia kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa, zenye mifuo ndani ya kasiba, zilizuiwa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika isipokuwa kwa masharti. Gumegume na baruti ya kawaida havikuzuiwa hivyo. Maana yake ni kwamba Mwafrika aliachiwa silaha ambayo Ulaya ilikwisha itupa.

Matokeo yake yalionekana karibu nasi. Mwezi Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wabena wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi. Walikuwa wengi na hawakukosa ushujaa, lakini walirudishwa nyuma na bunduki za waliokuwa ndani. Vita vilipokwisha, Wajerumani waliwataka walioshindwa wasalimishe silaha zao.

Katika miaka hiyo hiyo wenzetu wa upande wa pili walikuwa wakistarehe na ufundi huu. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, lakini mtambo wake ulikuwa imara hata mafundi wa London, kama Rigby, wakaujengea bunduki za kuwindia. Mskochi W.D.M. Bell aliua ndovu zaidi ya 1,000 katika Afrika, na wengi kati yao aliwaua kwa Mauser ya risasi nyembamba ya milimita 7. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa mwaka 1909 na bunduki ya Springfield, aina iliyotumiwa na jeshi lake, iliyowekewa kitako cha kuwindia kwa kipimo chake mwenyewe. Kazi yenyewe si ya ajabu. Mti mrefu wa kijeshi hupunguzwa ili bunduki iwe nyepesi, kitako huchongwa kifuate bega la mwenyewe, na shabaha hubadilishwa. Mhunzi wetu angeielewa mara moja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa hapa. Oktoba 1918 Jenerali Lettow-Vorbeck alipita Ubena, akamwacha huko Jenerali Wahle aliyekuwa mgonjwa, kisha akaendelea hadi Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya vita viwili vikuu maghala ya dunia yalijaa bunduki za jeshi. Ziliuzwa kwa bei nafuu, na maelfu ya watu Marekani na Uingereza wakajifunza ufundi huu katika vibanda vya nyumbani. Katika Tanganyika, Mwafrika aliyepewa kibali kwa kawaida aliruhusiwa gobori tu.

Ubaguzi huo haukuwa wa maneno matupu. Kati ya 1932 na 1947 simba wala watu walisumbua wilaya ya Njombe, na makisio yaliyoandikwa yanafika watu 1,500. Simba hao waliuawa chini ya uongozi wa George Rushby wa Idara ya Wanyama Pori. Kwa miaka 15 mkulima alikwenda shambani na mkuki, huku bunduki nzuri zikiwa mapambo katika nyumba za wengine.

Je, tuseme basi kwamba anayetengeneza gobori kwa siri leo anaendeleza urithi? La, hasha. Kwanza, bomba la maji halikutengenezwa kustahimili nguvu ya baruti. Likipasuka humjeruhi kwanza yule aliyelishika. Pili, wanyama wa leo si mali ya mgeni. Ni mali yetu, na wamepungua. Tatu, sheria ya silaha ya mwaka 2015 ni sheria ya nchi huru. Anayetaka kumiliki bunduki aombe kibali, na anayetaka kuitengeneza ampelekee fundi mwenye leseni.

Lakini tusichanganye kosa na ufundi. Mkono uliochonga kitako ndio uliofua jembe. Kwa hiyo ninyi vijana, mkirudi likizo, waulizeni wazee habari za tanuru za chuma na majina ya wahunzi, mkayaandike kwenye madaftari yenu. Wazee hao wanazidi kupungua kila mwaka, na habari wasizozisimulia zitakwenda nao.