Baruti iliyokula vidole vya babu

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mnisamehe. Nilikuwa Liwale kwa msiba, na nimerudi na habari ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo.

Mdogo wake babu yangu hana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Tangu utotoni nilijua kwamba gobole lilimpasukia, basi, hadithi imeisha. Safari hii nikamkalia kitako. “Mjukuu wangu,” akaniambia, “gobole halikuwa na kosa. Nilililisha baruti isiyo yake.” Ilikuwa miaka ya 60. Baruti ilimwishia, akapata risasi za bunduki ya jeshi, akazing'oa vichwa. Ndani hakukuta unga mweusi, alikuta vijiti vyembamba kama tambi. Akavikatakata kwa kisu, akajaza kipimo kilekile alichozoea. Mtutu ukachanika kama mua.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma. Kumbe kosa la babu lina historia ndefu, na wazungu wenye pesa zao nao walihangaika nalo.

Baruti nyeusi, ile ya magobole, ni shura, salfa na makaa. Asilimia 75 ni shura. Ina moshi na uchafu mwingi, lakini ina huruma: nguvu yake si kubwa, kwa hiyo mtu anaweza kukosea kidogo akabaki na mkono. Mwindaji akitaka kuangusha mnyama mkubwa, anachukua kipande kizito cha risasi na kumimina baruti zaidi nyuma yake. Ndivyo alivyofanya Frederick Selous, huyuhuyu mwenye kaburi pale Beho Beho, aliyepigwa risasi Januari 1917. Pori lililobeba jina lake sehemu kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tangu 2019. Miaka ya 1870, akiwinda tembo kusini mwa Afrika, alitumia gobole lenye tundu kubwa mno, risasi moja ikikaribia robo ratili, yaani gramu kama 113. Baruti aliichota kwa kiganja kutoka kwenye mfuko. Baadaye mwenyewe alijuta kuyatumia magobole hayo, maana teke lake lilimharibia utulivu wa kulenga.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi. (Watu wa Tanga mnaijua tofauti hii: Novemba 1914 askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za 1871, na wingu jeupe la moshi lilionyesha walipo.) Mwaka 1889 Waingereza Abel na Dewar wakaja na kodaiti, mchanganyiko wa nitrogliserini na pamba iliyotiwa tindikali, ukavutwa ukawa nyuzi. Ndizo zile tambi za babu!

Mwaka 1898 John Rigby wa London akatoa risasi ya .450 ya kuwindia tembo. Kichwa chake kilikuwa na gramu 31, nyuma yake gramu 4.5 tu za kodaiti, na kilitoka kwa mwendo wa karibu mita 650 kwa sekunde. Gramu nne na nusu! Sasa fikiria kipimo cha gobole kilichojazwa kitu hicho.

Lakini kodaiti ilikuwa na ugonjwa mmoja. Haipendi joto. Risasi iliyopimwa vizuri kule Uingereza, ikishinda juani Afrika au India, shinikizo lake linapanda, ganda linavimba na kung'ang'ania ndani ya mtutu. Na wewe umesimama hapo, tembo yuko mbele, ganda halitoki. Ndiyo maana Rigby alipotoa .416 mwaka 1911 aliipa ganda kubwa, kodaiti ipate nafasi na shinikizo likae chini. Watu husifia chuma cha bunduki hiyo. Mimi naona akili ilikuwa kwenye ile nafasi tupu.

Hapa ndipo kichwa kizito kinapoleta kazi. Kichwa chepesi kinakimbia mara moja na kuiachia gesi nafasi ya kutanuka. Kizito kinasitasita, gesi inajaa nyuma yake. Kwa hiyo, katika bunduki ileile, kadiri kichwa kinavyoongezeka uzito ndivyo unavyohitaji baruti inayoungua taratibu. Na baruti ya taratibu kwa kawaida unahitaji nyingi zaidi, yaani inataka ganda lenye nafasi.

Wamarekani walilisahau hilo. Mwaka 1956 Winchester walitoa .458, kichwa cha gramu 32 ndani ya ganda fupi la milimita 63.5, ili iingie kwenye bunduki za urefu wa kawaida. Kichwa chenyewe kikala nafasi, baruti ikabidi ishindiliwe. Ikikaa muda mrefu iligandamana kama sukari iliyopata unyevu, ikawaka vibaya, na risasi ikatoka imechoka. Mwindaji Jack Lott aliumizwa vibaya na nyati Msumbiji mwaka 1959, na tangu hapo akatafuta kitu chenye nguvu zaidi. Mwaka 1971 akaja na .458 Lott. Kichwa kilikuwa kilekile, ila ganda aliliongeza mpaka milimita 71. Milimita saba na nusu tu, jamani. Baruti za siku hizi zimeiponya kwa kiasi kikubwa hata ile .458 ya zamani, lakini wanaojijazia risasi wenyewe bado wanapima kwa mizani ndogo, mbegu kwa mbegu.

Babu hakuwa na mizani. Alikuwa na kipembe cha swala alichokikata mwenyewe, kikijaa ndiyo kipimo. Nilimuuliza kiko wapi. Akainuka taratibu, akakitoa chini ya mto. Siku hizi anawekea ugoro.