FILAMU ZETU ZA KUTISHA, SEHEMU YA 4: Maangamizi na mgonjwa aliyebebeshwa Afrika nzima

Haya ndugu zangu, tuendelee. Sehemu iliyopita tuliishia kwa Mussa Banzi, zile Nsyuka na Shumileta za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zama za vibanda vya video Mbagala, Tandika, Manzese. Wengine mliuliza: hivi hatuna filamu ya mizimu iliyotengenezwa kwa kufikiri sana, sio kukimbizwa na jini tu? Ipo. Inaitwa Maangamizi, ya mwaka 2001. Niliitafuta kwa hamu, na imeniacha na kinyongo.

Waongozaji ni wawili, Mtanzania Martin Mhando na Mmarekani Ron Mulvihill. Mada hii hawakuivamia. Mulvihill alishafanya na Nangayoma Ng'oge filamu fupi ya Arusi ya Mariamu, 1985, ya mwanamke anayeumwa, hospitali haimsaidii, na mganga wa jadi anamuogopa. Ile naipenda mno, maana Mariamu anabaki kuwa mgonjwa mwenye mume na hofu zake.

Maangamizi ikapanda juu zaidi. Ndiyo filamu ya kwanza kwa Tanzania kuipeleka Oscar kwenye kundi la filamu za kigeni. Haikuteuliwa, na tukakaa miaka kama 20 mpaka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ndipo tukapeleka nyingine.

Kisa chenyewe: daktari Mmarekani mweusi, Asira, anakuja kufanya kazi kwenye wodi ya wanawake wagonjwa wa akili hapa kwetu. Anamkuta Samehe, mwanamke ambaye kwa miaka mingi hasemi kitu. Samehe anatembelewa na bibi wa kale, mzimu wa ukoo, jina lake Maangamizi. Kidogo kidogo daktari naye anagundua ana maumivu ya kwao aliyoyafukia.

Sasa sikilizeni hayo majina. Samehe. Maangamizi. Asira, ongeza herufi moja tu unapata hasira. Kwa mtazamaji wa nje ni majina matamu ya Kiafrika. Kwa sisi ni kama mtu amebandikwa karatasi usoni. Na hilo neno maangamizi lina historia yake, maana baadhi ya watu weusi wa ughaibuni wanalitumia kwa yale yaliyowapata mababu zao kwenye utumwa. Kwa hiyo bibi ni historia, daktari ni watoto waliopelekwa ng'ambo, Samehe ni Afrika iliyonyamazishwa. Nimeelewa. Ila nikawa najiuliza, mgonjwa yuko wapi?

Mtasema nesi huyu anataka filamu iwe faili la wodini. Hapana jamani. Picha zake ni nzuri, na Profesa Amandina Lihamba kama Samehe anafanya kitu ambacho waigizaji wetu wengi hawawezi, anakaa kimya na wewe unaona kuna mtu ndani. Mimi wagonjwa wa kukaa kimya nawajua. Hawakodoi macho kama kwenye maigizo ya TV. Wanakuangalia begani, wanashika pindo la shuka. Lihamba alilijua hilo. Kila akinivuta karibu, filamu inaleta mzimu na maneno makubwa, namkosa tena.

Na hapa kwetu kumgeuza mgonjwa kuwa alama ya kitu kingine sio mchezo wa wasomi. Kumbukeni 1995, hofu ya Popobawa ilipoanza Pemba, ikaingia Unguja, ikafika mpaka huku Dar. Watu walilala nje, familia nzima barazani. Mjini Zanzibar kundi la watu lilimuua kijana kutoka bara kwa kudhani ndiye Popobawa mwenyewe. Kumbe alikuwa mgonjwa wa akili, alikwenda kule kutafuta matibabu. Maangamizi ilitoka miaka sita tu baadaye.

Watoto nao hawakupona kwenye hili. Degedege wengi walilielewa kama shetani au ndege mbaya, na wapo walioamini kabisa kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Mara nyingi ni malaria kali imepanda kichwani, na kila saa inayopotea kwa mganga ni saa ya ubongo wa mtoto. Simlaumu mama. Aliambiwa na watu anaowaheshimu kwamba anachokiona sio ugonjwa.

Ndiyo maana, mtanicheka, Shumileta hainiudhi kama Maangamizi. Shumileta ni jini tangu mwanzo, hakuna anayekwambia ni mgonjwa wa kitanda namba fulani. Maangamizi inaanzia hospitali, na swali ililoliuliza ni la kweli: dawa za kizungu peke yake zinamtosha mtu aliyeumizwa utotoni? Hazimtoshi. Tunahitaji ndugu, mazungumzo, hata dua. Lakini badala ya kutuonyesha ndugu wanakuja kumuona Samehe na chakula kwenye hotpoti, wakagombana na daktari, wakalia, inatupeleka kwa mizimu moja kwa moja. Manesi wenzangu nao wapo wapo tu pembeni.

Halafu Kiingereza kimejaa. Kibandani Tandika bila Lufufu wa kututafsiria, nani angekaa mpaka mwisho?

Itazameni mkiipata, hasa kwa ajili ya Lihamba. Sehemu ya 5 tunarudi Pemba 1995, Popobawa yenyewe.