Uzuri wa Muziki: Kutoka Vienna hata Mwankoko

Mwaka 1854 Eduard Hanslick wa Vienna alitoa kitabu kidogo kilichozusha ubishi mkubwa. Alidai kwamba uzuri wa muziki umo katika sauti zenyewe na mwendo wake. Hisia za msikilizaji si kipimo, na maneno ya wimbo ni mgeni tu. Atakaye kujua muziki ni nini, na asikilize ala peke yake.

Dai hilo likifikishwa Mwankoko, katika nchi ya Wanyaturu huko Singida, hupata taabu mara moja. Kinyaturu ni lugha ya toni: kupandisha au kushusha sauti kwaweza kugeuza maana ya neno, jambo ambalo Kiswahili hakinalo. Mwimbaji basi hana uhuru wote wa kuchagua njia ya wimbo wake. Neno limekwisha kumwekea mipaka. (Wanaotia maneno ya Kibantu katika tuni za kanisa za Ulaya wameiona shida hii, au yafaa waione.) A. M. Jones, kasisi wa Kiingereza aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Zambia, aliijadili kwa kirefu katika kitabu chake cha 1959.

Kabla yake Erich von Hornbostel wa Berlin alikuwa ameshika njia nyingine. Mwaka 1909 aliandika juu ya nyimbo za Wanyamwezi, majirani wa Wanyaturu kwa upande wa magharibi. Mwaka 1928 akatoa nadharia: Mzungu huanza na sikio, Mwafrika huanza na mwendo wa mwili, mkono unapoinuliwa, kabla haujaigusa ngozi, pigo limekwisha kuanza. Kuna akili hapo, kwa kuwa neno "ngoma" ni chombo, ni mchezo, ni mkutano wa watu pia. Walakini mabara mawili yamegawiwa viungo, huyu sikio, yule misuli, na John Blacking alikuwa na haki kuihoji nadharia hiyo mwaka 1955. Maana katika sehemu nyingi za Tanzania mpigaji huikaribisha ngoma motoni hata ngozi ikaze, akaigonga kidogo, akasikiliza, akairudisha tena. Wakati huo hakuna neno wala mchezo. Ni sikio tupu likihukumu sauti. Hanslick angalimtambua ndugu yake.

Tarehe 10 Desemba 1962 Julius Nyerere, katika hotuba yake ya kuanza Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi walijua rumba na chachacha bali ngoma za kwao hawakuzijua, akaunda wizara ya utamaduni. Yeye aliuliza muziki ni wa nani. Katika miaka iliyofuata ngoma za makabila zikapandishwa jukwaani mbele ya wageni, na hapo ndipo penye ajabu ya historia hii. Wimbo wa Kinyaturu utokao Mwankoko ukiimbwa mbele ya umati wa mjini, wengi hawaelewi maneno yake. Tena wameketi vitini, mikono mapajani, hakuna ainukaye kucheza. Husikiliza sauti tu, kama Hanslick alivyotaka.